Kampuni za matangazo za Dar, mnachoma hela zetu kwa watu wanaotafuta mapishi ya dagaa

Wakuu, leo salamu mtanisamehe.

Nauza dagaa wa Kigoma na mawese, jumla na rejareja. Mzigo unatoka Kibirizi, mwaloni Kigoma, wateja wengi wako Dar, Dodoma na Morogoro. Nikashauriwa niachane na magrupu ya WhatsApp, nilipe kampuni moja ya Dar initangaze Google, mtu akitafuta dagaa anikute mimi juu. Nikalipa. Wakawa wananitumia michoro yao: wanaobofya wanaongezeka, mstari unapanda. Simu yangu kimya.

Nikadai niingizwe kwenye akaunti. Wakanizungusha weee, mwisho wakakubali. Nikafungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa, ile inayoonyesha mtu aliandika nini hasa kabla ya kubofya tangazo. Jamani! "Jinsi ya kurosti dagaa." "Dagaa wa kulisha kuku." "Faida za mawese kwenye nywele." "Kuota ndoto unakula dagaa." Hata huyo wa ndoto nimemlipia mimi!

Sababu ni kwamba kwenye orodha ya maneno ya kuita tangazo, neno dagaa wameliweka tupu, bila alama yoyote. Ukiliacha hivyo Google inalichukua kwa upana, inakuletea chochote inachoona kinafanana nalo. Ukifunga maneno yako kwa alama za nukuu, maana yake lazima iwemo kwenye alichoandika mtu. Ukiyaweka kwenye mabano ya mraba, unabana zaidi, ingawa tangu 2018 hata hapo wanapenya wenye maneno tofauti ila maana ileile. Haya anayajua yeyote aliyeigusa hiyo kazi. Wao kwenye waraka wa mpango wanajisifu eti wametumia alama ya kujumlisha mbele ya maneno. Alama hiyo iliondolewa 2021! Wamenakili somo la zamani wakanitoza bei ya leo.

Na hiyo orodha yao ya maneno sasa. "Samaki wadogo wakavu wanaouzwa." "Nunua mafuta bora ya mawese mtandaoni." Nani nchi hii anaandika hivyo kwenye simu? Mteja anaandika "dagaa kigoma bei", "dagaa wa kigoma kilo sh ngapi", "dagaa jumla dar", "mawese dumu lita 20". Wengine wanaandika "dagaa za kigoma", mwalimu wa Kiswahili atanuna lakini hao ndio wenye hela mkononi. Hakuna hata moja kati ya hayo kwenye orodha. Wangemuuliza muuza dagaa yeyote hapo Dar angewatajia bure, huku anapima kilo.

Maneno ya kuzuia, yale ambayo mtu akiyaandika tangazo lisimtokee, ndiyo usiseme. Wameweka moja tu: kupika. Neno la kuzuia halijinyumbui lenyewe. Umezuia "kupika", basi aliyeandika "mapishi", "unapikaje" au "wakipikwa na nazi" anapita bila kuulizwa na wewe unalipa. Kwa Kiswahili chetu, ambapo kitenzi kimoja kinabadilika sura kila ukikigusa, ni lazima mtu akae aziandike zote. Aongeze kuku, ndoto, faida, nywele, Mwanza, na mchele pia, maana dagaa mchele ni wa baharini, mimi sina. Ni kazi ya jioni moja kwa mtu anayejua dagaa ni kitu gani.

Kilichonichefua zaidi: eneo la tangazo wameweka Kigoma. Mtu wa Ujiji au Mwanga atafute dagaa Google wa nini, si ashuke Kibirizi?

Nikawauliza, wakanijibu eti mauzo yameathiriwa na ziwa kufungwa watu wasivue. Ziwa Tanganyika 2024 lilifungwa 15 Mei hadi 15 Agosti. Tangazo lao limeanza Oktoba! Tusifanyane watoto.

Sasa wanadai malipo ya mwezi mwingine, na akaunti waliifungua kwa barua pepe yao, kwa hiyo kumbukumbu zote za nani alitafuta nini, ambazo nimezilipia mimi, ziko mikononi mwao. Silipi hata mia mpaka wanikabidhi. Aliyewahi kuidai akaunti yake kwa watu wa aina hii na akaipata, aseme hapa alianzia wapi. Wa kuja PM kuniuzia huduma ya matangazo asisumbuke.