Njia ya ukingoni mwa genge: tujiandae vipi?

Swali
Ndugu zangu, mwezi ujao mimi na mdogo wangu tunakusudia kupanda mlima ambao sehemu yake ya mwisho ni njia nyembamba ya mwamba, upande mmoja ukuta na upande wa pili genge, na kwa kushikilia kuna mnyororo tu. Milima ya kawaida tumeizoea. Je, hapa tuzingatie nini, na je, tufungane kamba?

Jibu la 1
Tazameni kwanza hali ya hewa, kwa kuwa mwamba uliolowa huteleza hata chini ya kiatu kizuri. Kule Half Dome, Marekani, ambako wapandaji hushika nyaya za chuma zilizowekwa mwaka 1919, ajali nyingi hutokea mwamba ukiwa umelowa. Ondokeni alfajiri, maana mvua za radi milimani hupenda kuja mchana, na mkisikia ngurumo mkiwa bado chini ya mnyororo, msiupande. Ngojeni hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Jibu la 2
Kuhusu kamba: msifungane. Kamba inayowaunganisha watu wawili bila kufungwa popote kwenye mwamba haimzuii anayeanguka, bali humvuta mwenzake.

Mnachohitaji ni mwendo wa taratibu, ambapo katika miguu miwili na mikono miwili, vitatu vimeshika na kimoja tu kinasogea. Fimbo zifungwe mkobani kabla ya kufika huko, na mkoba wenyewe uwe mwembamba, kwani uliotuna hugonga ukuta na kukusukuma nje (yalinipata, na sikuyapenda). Mkikutana na wanaoshuka, simameni mahali palipo papana, upande wa ukutani, wapite.

Muuliza swali
Nashukuru. Hofu yangu hasa ni mdogo wangu, ambaye akiona kina kirefu miguu humtetemeka.

Jibu la 2
Basi mjaribisheni kwanza kwenye njia fupi ya aina hiyo. Siku yenyewe atangulie yeye, nawe ufuate kwa karibu, ila mwinuko ukiwa mkali mwachie nafasi ili akiteleza asikuangukie. Kumbukeni pia kwamba kushuka ni kugumu kuliko kupanda: miguu imechoka, macho yanatazama bondeni. Penye mwinuko mkali ageukie mwamba na ashuke kinyumenyume. Akisema hawezi, geukeni papo hapo, wala usimbembeleze.