"Tiketi imefungwa kwa kuwa mteja hakujibu": nijibu kwa kutumia nini, na barua pepe mmeizima wenyewe?

Ofisi_Ndogo (mtoa mada):

Wanajukwaa, salaam. Ninaandika nikiwa nimefura, na mtaniwia radhi sentensi zikizidi urefu. Mtoa huduma ninayemlalamikia sitamtaja, wala hakuna haja, kwa kuwa ni yuleyule ambaye kila mmoja wetu humu amemlipa mara moja na kumlaani mara nyingi, yule mwenye tangazo la kijana anayecheka mbele ya kompyuta, kijana ambaye kwa cheko lile ni dhahiri kwamba tovuti yake inahifadhiwa kwingine.

Usiku wa kuamkia leo seva yao ilizimika, ikaondoka na tovuti yangu pamoja na visanduku vyote vya barua pepe vya ofisi, huku ukurasa wao wa hali ya huduma ukiendelea kuonyesha alama za kijani kutoka juu hadi chini. Nikaingia kwenye akaunti ya mteja, nikafungua tiketi ya kuomba msaada, nikajibiwa kwamba hayo ni "matengenezo yaliyopangwa" na kwamba taarifa nilikwisha kutumiwa kwa barua pepe. Barua pepe ipi? Ile iliyomo ndani ya seva inayotengenezwa. Kisha, kwa ajili ya usalama wangu, nikatakiwa kuthibitisha kwamba mimi ndiye mimi kwa kujibu kutoka anwani iliyosajiliwa, ambayo ni hiyohiyo waliyoizima, na sehemu ya kuandikia katika tiketi ikafungwa mpaka uthibitisho huo uwafikie. Asubuhi nimekuta maneno haya, nami nayanakili kama yalivyo: "Tiketi imefungwa kwa kuwa mteja hakujibu."

Mteja hakujibu! Wameniziba mdomo, wakakaa wakinisubiri niseme, kisha wakaandika kwenye kumbukumbu zao kwamba nilinyamaza. Chini ya maneno hayo kuna mstari unaonijulisha kwamba dodoso la kupima kuridhika kwangu limetumwa, nanyi mmekwisha kujua limetumwa wapi.

Hawa ndio wanaotuahidi kuwa hewani kwa asilimia 99.9 ya muda. Katika mwezi wa siku 30, ahadi hiyo inawaachia dakika 43 za kuzimika, na dakika 43 wao huzimaliza kabla fundi wa zamu hajakumbuka nywila yake. Matengenezo yao ni mengi kiasi kwamba, kama kila moja lingeongeza ubora hata chembe, seva hiyo kwa sasa ingekuwa inatujibia barua yenyewe bila kuombwa. Lakini sivyo, haikujibu, na aliyeandikwa kwamba hakujibu ni mimi.

Nawasilisha.

Kitasa:

Pole sana, mtoa mada. Hata hivyo naomba nielewe vizuri: akaunti yako kwa mtoa huduma ulisajili kwa anwani inayotunzwa na mtoa huduma huyohuyo? Huko ni kuufungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba, kisha kuilaumu nyumba.

Ofisi_Ndogo:

Ndugu Kitasa, anwani hiyo waliiingiza wao wenyewe siku waliponihamishia kwenye kifurushi wanachokiita cha biashara, na kuibadilisha kunahitaji uthibitisho unaotumwa kwa anwani hiyohiyo. Tena hata ingekuwa vinginevyo, hakuna sheria duniani inayomruhusu mtu kukuzimia barua pepe na papo hapo kukuandika kwamba hukujibu barua pepe.

Nywila_Dhaifu:

Mimi nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta. "Mteja hakujibu." Hayo maneno yaandikwe juu ya mlango wa ofisi yao.

Msoma_Logi:

Mtoa mada, tuliza moyo kidogo, kwa sababu barua zako huenda hazijapotea. Seva inayopokea ikiwa imezimwa kabisa, seva ya mtumaji huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena baadaye, na mwongozo wa SMTP, yaani utaratibu ambao seva hutumia kupelekeana barua pepe, unashauri ijaribu kwa muda usiopungua siku 4 au 5 kabla ya kukata tamaa. Hatari kubwa zaidi ni seva iliyoamka nusu, yaani ile ambayo programu ya barua imewaka lakini orodha ya watumiaji bado haijapakiwa. Seva ya namna hiyo hujibu kwa msimbo 550 kwamba mtumiaji hayupo, na kwa kuwa misimbo inayoanza na 5 ni ya kudumu, barua hurudishwa kwa mwenyewe palepale bila kujaribiwa tena. Fundi mwangalifu huanza kwa kuiweka seva katika hali ya kujibu misimbo ya 4, ambayo maana yake ni "rudi baadaye", ndipo aguse kitu kingine chochote.

Ofisi_Ndogo:

Nashukuru kwa elimu, na ninasikitika kukujulisha kwamba iliamka nusu. Wateja wangu wananipigia simu kuuliza kama nimefunga ofisi, kwa maana barua zao zimerudishwa zikieleza kwamba sipo. Kwa hiyo tangu jana nimeandikwa mara mbili: kwa wateja wangu kwamba sipo, na kwa mtoa huduma kwamba nipo ila sikujibu.

Zamu_ya_Usiku:

Kuhusu alama za kijani, hilo limewahi kuwakuta hata wakubwa. Tarehe 28 Februari 2017 huduma ya S3 ya Amazon, ile ya kuhifadhi data mtandaoni, iliposimama, ukurasa wao wa hali ya huduma ulishindwa kusasishwa kwa kuwa mfumo wa kuuendesha nao ulitegemea S3. Tofauti ni kwamba wao walichapisha maelezo, wakaeleza kwamba amri iliingizwa kimakosa na kuondoa seva nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Huyu wetu hata akiungua ataita matengenezo yaliyopangwa, kwa sababu ukisoma mkataba wake utakuta matengenezo yaliyopangwa hayahesabiwi katika ile asilimia 99.9.

Jirani_Mbaya:

Angalau wewe barua zako zinashindwa kuingia tu. Mimi zangu zinaingia vizuri na hazitoki. Tumewekwa wateja wengi kwenye anwani moja ya IP, yaani namba moja ya seva mtandaoni, mmoja wetu akatuma takataka usiku kucha, anwani ikaingizwa kwenye orodha nyeusi, na sasa kila barua yangu inakataliwa mlangoni au inatupwa kwenye folda ya taka. Nilipolalamika nikashauriwa nirekebishe rekodi zangu za SPF na DKIM, zile za kuthibitisha kwamba barua kweli imetoka kwangu, ambazo hazina kosa lolote, kana kwamba sahihi yangu ikiwa nzuri zaidi watasahau nani aliwatumia matangazo ya bahati nasibu.

Nakala_Moja:

Hayo yote ni mepesi. Mimi niliuliza kuhusu nakala rudufu, nikahakikishiwa kuwa huchukuliwa kila siku. Diski ilipokufa ndipo nikaambiwa kwamba nakala hizo zilikuwa kwenye diski hiyohiyo, katika folda nyingine. Folda nyingine! Tarehe 10 Machi 2021 moto ulipoteketeza jengo la seva la SBG2 la kampuni ya OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, wapo wateja waliogundua siku hiyo kwamba nakala zao zilikuwa mahali palepale na data zenyewe, na ningedhani tangu siku hiyo kila mtu katika kazi hii amesikia na kujifunza. Na msije mkaniambia kuhusu RAID, ule mpango wa kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa nyingine ziendelee, kwa sababu RAID hukulinda dhidi ya diski inayokufa peke yake, haikulindi dhidi ya fundi anayefuta.

Kitasa:

Ndugu Nakala_Moja, hiyo ndiyo hadithi ya kuanzishia uzi. Ya mtoa mada ilikuwa ni tiketi tu.

Ofisi_Ndogo:

Naomba turejee kwenye tiketi, wanajukwaa. "Kwa kuwa mteja hakujibu." Je, hakuna anayeona uzito wa maneno haya?

Nywila_Dhaifu:

Mteja amejibu sasa, ila amejibu kwenye jukwaa.

Hama_Hama:

Dawa ni kuhama tu. Chukueni msimbo wa kuhamisha kikoa, yaani jina la tovuti yenu, mwende kwingine, mwisho wa habari.

Jirani_Mbaya:

Huo msimbo unaupataje? Mimi wamenijibu kwamba kikoa changu kimefungwa kwa siku 60.

Hama_Hama:

Siku 60 ni kanuni ya kikoa kilichosajiliwa au kuhamishwa karibuni, pia hutumika jina la mmiliki linapobadilishwa. Chako kina umri gani?

Jirani_Mbaya:

Kina miaka mingi, ila mwezi uliopita walinishauri nisahihishe herufi moja katika jina la mmiliki, nami nikasahihisha.

Hama_Hama:

Basi hapo ndipo walipokunasa, ndugu yangu. Kuna mahali ulitakiwa uweke alama ya kukataa kifungo hicho kabla ya kuthibitisha mabadiliko, lakini si kila msajili wa vikoa anakupa nafasi hiyo.

Nakala_Moja:

Na je, kikoa kikifungwa hivyo, rekodi za MX, zile zinazoonyesha barua za kikoa zipelekwe seva gani, mtu anaweza kuzibadilisha akapeleka barua kwingine wakati anasubiri, au nazo hufungwa?

Hama_Hama:

Hazifungwi. Kinachofungwa ni kuhamia kwa msajili mwingine. Elekeza MX kwa mtoa huduma mwingine leo hii, na ukitaka mabadiliko yaonekane haraka, punguza kwanza muda wa TTL, yaani muda ambao seva nyingine hukumbuka rekodi ya zamani, usubiri ule wa zamani uishe, ndipo ubadilishe.

Jirani_Mbaya:

Nimeingia kubadilisha. Ukurasa wa DNS, wa kubadilishia rekodi hizo, unasema uko kwenye matengenezo.