Baba ana saratani ya umio na ndugu wanamnyima sukari na wanga. Nifanyeje?

Binti_Korogwe

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wenzangu.

Baba yangu ana miaka 63. Tangu mwezi wa tisa alikuwa akilalamika kwamba ugali unamganda kifuani, akawa anausukumia kwa maji. Sisi tukadhani ni vidonda vya tumbo. Alipopimwa kwa kamera ikaonekana ni saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, sehemu ya katikati. Sasa ameanza mionzi Dar, anakaa kwa dada yangu Temeke, na mimi nimekuja kumuuguza.

Kabla ya kuugua alikuwa na kilo 61. Jumatatu mizani ilisoma 52. Saa yake ya mkononi, aliyoivaa tangu niko darasa la tatu, sasa inateleza hadi karibu na kiwiko.

Shida yangu ni hii. Baba mdogo alitumiwa ujumbe wa WhatsApp kwamba kansa inakula sukari, kwa hiyo mgonjwa akinyimwa sukari, uji, ndizi, wali na maziwa, uvimbe unakufa njaa. Wiki tatu sasa baba anakunywa juisi ya mboga za majani, maji ya ndimu, na maji ya majani ya mstafeli asubuhi na jioni. Basi. Baba mdogo ndiye anayelipia karibu kila kitu na anafanya hivyo kwa mapenzi, siwezi kumkatalia hivi hivi tu. Lakini juzi baba aliniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nipe hata uji wa sukari kidogo." Nilikwenda jikoni nikalia.

Tena Ramadhani inakaribia na anasema atafunga, maana kasikia funga nayo inaua uvimbe. Anameza vitu vya majimaji tu. Nimpe nini? Na baba mdogo nimwambieje?

---

Bi_Mstaafu_Moshi

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimekuwa muuguzi miaka 31, tisa ya mwisho nikiwa wodi ya saratani. Nitaandika kirefu kidogo, nivumilie.

Kwanza lililo la haraka. Mtu aliyekaa wiki tatu kwa juisi ya majani hajapungua uzito peke yake. Akiba ya madini ya potasiamu, fosfeti na magnesi mwilini imepungua sana. Ukimjaza chakula kingi kwa siku moja, insulini inapanda ghafla, madini yale machache yanakimbilia ndani ya seli, damu inabaki mikono mitupu, na moyo unaweza kusimama. Lilionekana hilo baada ya Vita Kuu ya Pili kwa wafungwa waliokombolewa wakiwa mifupa, wakalishwa vizuri, na baadhi yao wakafa kwa kile chakula. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya mionzi, mwambie daktari neno kwa neno: "Baba hajala chakula cha maana kwa wiki tatu." Aombewe kipimo cha damu cha madini hayo, na uulize kuhusu vitamini B1. Leo usiku mpe uji wake, nusu kikombe, kwa mikupuo midogo. Kesho vivyo hivyo mara kadhaa. Panda taratibu kwa siku nyingi, kwa maelekezo yao.

Sasa la baba mdogo. Aliyemtumia ule ujumbe hakuzua yote, na ni vizuri uanze naye hapo ili asione unamdharau. Mjerumani Otto Warburg alionyesha miaka ya 1920 kwamba seli za saratani hunyonya glukosi kwa pupa na kuichachua hata pale oksijeni ipo tele. Kipimo cha PET kinatumia tabia hiyo hiyo: mgonjwa hudungwa glukosi yenye alama ya mionzi, na uvimbe unang'aa kwenye picha kwa jinsi unavyoivuta. Hayo ni kweli.

Kosa linaanzia baada ya hapo. Glukosi ya damu haingoji kikombe cha uji. Mgonjwa asipokula, ini linaitengeneza lenyewe, na malighafi yake kubwa ni misuli. Uvimbe unaendelea kupata sukari yake kama jana. Inayoyeyuka ni mapaja ya baba yako, na ile misuli inayovuta pumzi. Halafu saratani ina ubaya wake mwingine. Mtu mwenye njaa ya kawaida, mwili wake hujibana, ukaunguza mafuta na kutunza misuli. Kwa mgonjwa wa saratani mwili umo katika vita, umejaa kemikali za uvimbeuchungu (zile zinazotoka mwili unapopambana na jeraha au ugonjwa), na misuli inayeyushwa sambamba na mafuta. Wataalamu walikubaliana mwaka 2011 kwamba kupungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito kwa miezi 6 bila kukusudia ni dalili ya hali hiyo. Baba yako amepungua kilo 9 kati ya 61. Karibu asilimia 15. Umwonyeshe baba mdogo hesabu hii kwenye karatasi.

Faraja ni kwamba kwa saratani ya umio sehemu kubwa ya kukonda inatokana na njia kuziba tu, na hiyo chakula kinaisaidia. Ile ya uvimbeuchungu chakula peke yake hakiimalizi, lakini bila chakula hakuna dawa itakayomshika.

Mwongozo wa lishe kwa wagonjwa wa saratani ni kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo. Kwa kilo 52 ni kama kalori 1,300 hadi 1,560, na protini gramu 62 hadi 78. Huko ndiko mnakopanda polepole. Lakini kikombe cha uji mwepesi kina kalori kama 100 tu, na tumbo la mgonjwa linajaa upesi. Atakunywa vikombe vingapi?

Hapa ndipo ninapowapenda bibi zetu. Tengeneza kimea. Loweka ulezi usiku kucha, uchuje, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili hadi uchipue, anika hadi ukauke kabisa, saga. (Tumia ulezi, usitumie mtama, machipukizi ya mtama yana sumu.) Pika uji mzito, mwiko usimame. Uepue, upoe hadi uwe wa moto unaovumilika kidoleni, kisha tia kijiko kikubwa cha unga wa kimea, koroga, subiri dakika kumi. Uji utalegea wenyewe uwe wa kunyweka, kwa sababu vimeng'enya vya kimea vinakata wanga. Urudishe jikoni uchemke tena dakika chache. Unga mara mbili, maji yale yale, na unapita kooni. Ukitia kimea uji ukiwa unatokota hautalegea, vimeng'enya vinakufa kwa moto.

Kisha tia kijiko kikubwa cha siagi ya karanga iliyosagwa laini, vijiko viwili vya maziwa ya unga, na kijiko cha mafuta ya alizeti. Kikombe kimoja kitavuka kalori 400. Siku nyingine vunja yai ndani uji ukichemka, ukoroge kwa kasi. Hilo ni protini gramu 6. Dagaa wakaange, usage wawe unga laini, upite kwenye chujio, utie kwenye supu. Mtori wa huku kwetu, ndizi na nyama vikisagwa na kuchujwa, nimewaona wanaumezea hata wale waliokataa kila kitu. Maziwa mgando usiyasahau. Na sukari tia, mwanangu. Hajaambiwa ana kisukari, sivyo?

Chochote kiwe vuguvugu. Vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 vimewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, tangu 2016, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, na sisi wa ukanda huu tunapenda chai inayounguza.

Majani ya mstafeli yaache. Tunda lenyewe ni chakula, likichujwa mbegu. Ila mti huo una kemikali iitwayo annonasini, na kule Guadeloupe watafiti waliihusisha na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa kwa watu waliokuwa wakitumia sana tunda na majani yake. Na mweleze daktari kwamba amekuwa akiyanywa.

---

Kitwana_wa_Voi

Pole sana dada. Mke wangu aliwekewa stenti ya umio, yaani kimrija cha kuzibua njia, hospitali ya Tenwek, kule Bomet, akameza uji siku hiyo hiyo jioni. Muulize daktari wa baba kama anafaa stenti, au mpira wa kulishia wa puani au wa tumboni, kabla hajafika mahali hata maji hayapiti. Mionzi yenyewe huleta vidonda kwenye umio baada ya wiki mbili tatu, kumeza kunakuwa kugumu zaidi kabla ya kuwa rahisi. Sisi hatukuambiwa hilo, au tuliambiwa hatukusikia.

Ale akiwa ameketi wima, na akae hivyo nusu saa baadaye. Usiku alale ameinua kifua kwa mito. Akiwa na stenti, mkate, chapati na vipande vya nyama ni adui. Sisi tulikuwa tukimalizia mlo kwa mafunda ya soda kusafisha njia.

Jambo la mwisho linaniuma mpaka leo. Nilikuwa namsimamia mke wangu na kijiko kama namlisha mtoto mkaidi, tukagombana juu ya vikombe. Siku moja nikamimina uji vikombe viwili, nikakaa naye barazani tukanywa wote tukitazama treni ikipita. Alimaliza. Kuanzia hapo nikawa nakula naye, chakula chake yeye.

---

Abu_Salma

Assalamu alaykum binti. Kuhusu funga: Qur'ani, Sura ya Al-Baqara aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Anayetarajiwa kupona atalipa siku nyingine. Ambaye hatarajiwi, hutoa fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku. Mzee wako akijilazimisha huku daktari anasema funga itamdhuru, hapo amekwenda kinyume na ruhusa aliyopewa. Mpeleke kwa imamu anayemwamini, aisikie kwake. Wazee wetu kwa watoto wao hawasikii, kwa imamu wanasikia.

---

Binti_Korogwe

Nimerudi baada ya siku tisa. Nawashukuru wote, Mungu awalipe.

Damu ilipimwa. Potasiamu ilikuwa chini, na ile fosfeti pia. Wakampumzisha hospitali siku tatu, dripu na vidonge, chakula wakampandishia kidogo kidogo kama Bi Mstaafu alivyosema. Daktari aliniambia kwamba tungemshindilia chakula nyumbani tungemkosa.

Baba mdogo nilimpeleka kwa mtaalamu wa lishe pale hospitali. Nilianza na yule Mjerumani. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Kwa hiyo misuli yake ndiyo imekuwa ikiliwa?" Yule dada wa lishe akamjibu ndiyo, baba. Hakusema kitu tena. Jioni alirudi Temeke na kilo mbili za karanga, akazikaanga mwenyewe, akazimenya moja moja.

Imamu naye amekuja. Baba hatafunga, fidia itatolewa na baba mdogo.

Jana mizani: 52.6. Uji wa kimea anakunywa vikombe vinne kwa siku, cha asubuhi tunakunywa wote watatu.

Swali: ule wa kimea ukilala hadi kesho yake unakuwa na harufu ya uchachu. Naweza kumpa?

---

Bi_Mstaafu_Moshi

Usimpe, mwaga. Kinga yake imeshuka. Pika wa kutosha nusu siku, na kama una friji weka humo ndani ya saa moja, uchemshe tena kabla ya kumpa. Unga wa kimea wenyewe ukiwa mkavu, kwenye kopo lenye mfuniko, unakaa wiki kadhaa. Mpime kila Jumatatu asubuhi, mizani ile ile, kabla hajanywa kitu, na uandike. Akishuka kilo moja kwa wiki usingoje kliniki, nenda.

Na atembee, hata kutoka chumbani hadi getini mara tatu kwa siku. Msuli usiotumika haujengeki hata kwa karanga za baba mdogo.