Mtoto kasema kweli juu ya shaba, kakatwa pointi. Na ni hapa hapa Lubumbashi!

Bandugu, jambo hili limeninyima usingizi tangu Ijumaa, ndiyo maana naandika.

Binti yangu yuko mwaka wa tatu humanite, yaani sekondari, upande wa sayansi. Ijumaa alirudi na karatasi ya interogasyo ya kemia: 4 kwa 10. Alikaa jikoni bila kuvua viatu, bukari hakuigusa, akanisogezea karatasi. "Papa, njo wapi nilikosea?"

Swali la kwanza: atomi ya shaba ina protoni, elektroni na nyutroni ngapi? Aliandika protoni 29, elektroni 29, nyutroni 34 au 36. Hiyo "34 au 36" imekatwa kwa biki nyekundu, kwa nguvu hadi karatasi imetoboka. Pembeni mwalimu ameandika: 64 − 29 = 35.

Thelathini na tano! Ameitoa wapi? Amechukua namba ya uzito wa atomi kwenye jedwali la elementi, 63.5 na kitu, akaipandisha ikawa 64, akatoa zile protoni 29. Lakini ile 63.5 si uzito wa atomi yoyote, ni wastani. Chukua mukuba wowote, yaani shaba, wa waya wa umeme au wa ile misalaba ya shaba ya wazee wetu: katika kila atomi 100, kama 69 zina nyutroni 34, na kama 31 zina nyutroni 36. Basi. Nyumba moja ina watoto 4, ya jirani ina 6. Huyo mama mwenye watoto 5 utampata mlango gani?

Shaba ya nyutroni 35 inatengenezwa na watu kwenye mitambo ya nyuklia, na haikai. Kila zikipita saa 12 na dakika 40 hivi, nusu yake imeshageuka nikeli au zinki. Tanuru la kwanza la mji huu lilitoa shaba mwaka 1911, na shaba ile mpaka leo ni shaba. Katanga yetu nzima iliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Mtoto akifundishwa hivi mahali pengine ningehuzunika, lakini hapa kwetu nakasirika.

Jumatatu nilienda shuleni. Mwalimu ni kijana mwenye adabu, hilo simnyimi. Akanifungulia noti za fotokopi, zile zile tunazouziwa sisi wazazi juu ya minervali, yaani karo. "Papa, kanuni ni hii: unakaribisha namba iwe namba nzima, unatoa protoni." Akanionyesha kobalti: 58.93 inakuwa 59, toa 27, inabaki 32. Na kweli ni 32! Hapo ndipo kanuni hiyo inapowadanganya, kwa sababu kobalti ya ardhini ni ya aina moja tu, yote ina nyutroni 32. Nikamwambia tujaribu zinki, ile ya Kipushi hapa jirani. 65.38 ikawa 65, toa 30, ikabaki 35. Zinki ya asili ina aina tano: nyutroni 34, 36, 37, 38 na 40. Hiyo 35 haimo! Akanyamaza kidogo, kisha akasema programu ndivyo inavyotaka. Huwezi kuuliza idadi ya nyutroni bila kutaja isotopu gani, yaani aina gani ya atomi hiyo. Swali lenyewe lilikuwa na pengo, na aliyeliona pengo ni mtoto wa miaka 15, akaadhibiwa kwa kuliona.

Swali la pili ndilo lililonichoma zaidi. Ioni ya shaba, yaani atomi yake yenye chaji, ikiwa na chaji ya jumlisha mbili ina elektroni ngapi? Binti yangu: 27. Mwalimu: kosa, 29 + 2 = 31.

Mimi nimefanya kazi miaka 19 kwenye ukumbi wa elektrolizi, pale shaba inapotolewa majini kwa umeme. Suruali zangu zote za kazi zina matundu ya asidi. Shaba inafika pale ikiwa ndani ya maji ya buluu, huioni. Unatumbukiza bamba, unawasha umeme, na siku zinavyopita bamba linavaa ngozi ya rangi ya waridi, laini kwanza, kisha nene, hadi inabidi kuibandua. Inavaa kwa sababu kila ioni imepungukiwa elektroni mbili, na katodi, yaani lile bamba la upande hasi, inaipa hizo mbili. Protoni 29, elektroni 27: ndiyo maana ina chaji chanya, ndiyo maana inavutwa na upande hasi. Ingekuwa na elektroni 31 ingekuwa hasi yenyewe, ingekimbilia anodi, upande chanya, na hakuna bamba la shaba hata moja lingetoka Katanga. Jumlisha maana yake elektroni zimeondoka! Nililisha watoto kwa hizo elektroni mbili.

Prefe, mkuu wa shule, alinisikiliza, akaniambia: "Papa, tusimwaibishe mwalimu mbele ya watoto." Na binti yangu aliyeambiwa mbele ya darasa zima kwamba amekosa, yeye si mtu? Sitaki mwalimu afukuzwe. Nataka pointi zirudishwe kwa kila mtoto aliyeandika sawa, na ile karatasi ya noti ifutwe kabla haijafika kwenye mtihani wa muhula.

Jana usiku nimemkuta binti yangu anajisomea kwa taa ya simu. Kwenye kaye, daftari lake, ameandika: shaba, nyutroni 35. Nikamuuliza mbona. "Papa, nataka pointi."

Alhamisi narudi kwa prefe. Papa na mama wenye watoto mwaka wa tatu, fungueni kaye za kemia leo leo, tafuteni shaba na zinki. Mkiona 35, pigeni picha ya ukurasa muiweke hapa chini, majina mkiyafunika. Nitazichapa zote niende nazo.