Tupeane uzoefu: umewahi kukaa nyuma ya ambulensi na dereva anayekimbia ovyo?

Mhudumu wa Nyuma
Wakuu, naandika mkono bado unauma. Jana usiku tulimchukua mzee mmoja, anapumua kwa shida lakini anaongea na kujibu maswali. Dereva niliyepangwa naye akawasha king'ora tangu getini, akakanyaga mafuta. Nilikuwa nimesimama natafuta mshipa, tukaingia kona, nikarushwa, kiwiko kikagonga kabati. Mzee akanishika mkono: "Mwanangu, kumbe hali yangu ni mbaya kiasi hiki?" Swali hilo limeniuma kuliko kiwiko.

Dereva mwenyewe ni mtu mwema, tumesaidiana mengi. Ila akishika usukani usiku hasikii la mtu. Nilipomwambia apunguze akanijibu, "Unataka afie mikononi mwako?" Mliopitia haya, mlifanyaje?

Zamu ya Usiku
Jibu hilo wanalo wote. Pole sana.

Kanula ya Kijani
Nilikuwa sitaki kulisema hili, lakini umenikumbusha.

Mgonjwa wetu moyo ulisimama tukiwa njiani. Nikaanza kukandamiza kifua. Kazi yenyewe mnaijua: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kishuke sentimita 5 au zaidi kidogo, kisha ukiachie kirudi juu. Sasa ifanye ndani ya gari linaloyumba. Mkono mmoja kifuani, mwingine umeng'ang'ania reli ya juu. Mara nakandamiza mbavu, mara tumbo, mara nimeangukia ukuta. Mashine ya kushtua moyo nayo haiwezi kusoma mapigo gari likitikisika, inataka mgonjwa atulie. Nikagonga kidirisha, "Simama! Simama!" Dereva akadhani namhimiza, akaongeza.

Kwenye makutano akaingia na taa nyekundu. Lori likatokea kulia. Hatukugongwa, ila breki aliyoifunga sitaisahau. Kulikuwa na mtungi wa oksijeni ambao haukufungwa. Ulichomoka chini ya benchi, ukapita pale goti langu lilipokuwa sekunde moja kabla, ukabonyeza ukuta wa mbele.

Mgonjwa alifariki. Sisemi ameuawa na mwendo, maana moyo uliosimama mara nyingi haurudi. Nasema tu kwamba sikupata nafasi ya kumhangaikia inavyopasa, na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Bandeji
Mungu wangu. Mtungi uliojaa una uzito wa kuvunja mtu mguu. Ni nani alitakiwa kuufunga?

Kanula ya Kijani
Mimi. Ndiyo, mimi. Tuliitwa mbio, nikasema nitaufunga njiani.

Usukani Miaka 19
Nimesubiri mmalize. Ninyi wa nyuma kazi yenu kutulaumu. Ndugu wa mgonjwa wanagonga bodi, "Kimbiza, anakufa!" Simu inaita, "Mko wapi?" Tukichelewa anayeitwa ofisini ni dereva, si mhudumu. Nimeendesha miaka 19 sijamwaga mgonjwa.

Bandeji
Hujamwaga mgonjwa, je, waliokukwepa barabarani wakaishia mtaroni umewahesabu?

Usukani Miaka 19
Soma vizuri kabla hujajibu. Sijasema nakimbia ovyo. Nasema presha inatoka pande zote.

Bandeji
Presha haifungi breki.

Zamu ya Usiku
Jamani, msigombane. Mwenzetu ameumia.

Usukani Miaka 19
Sawa. Basi ngoja niwasaidie kwa ninachokijua. Kilomita 100 kwa saa ni karibu mita 28 kila sekunde. Mpaka uone mtu, mguu uhamie kwenye breki, umeshakwenda umbali huo au zaidi kabla gari halijaanza kupunguza. Ambulensi ni ndefu kwenda juu na ina mzigo, kona ya ghafla inailaza. King'ora nacho si ukuta wa kukukinga: mwenye gari lililofungwa vioo na redio juu anakusikia ukiwa umeshamfikia. Mkiwa ambulensi mbili mnafuatana ndiyo hatari kubwa, kwa sababu watu wanaipisha ya kwanza halafu wanarudi barabarani mbele ya ya pili. Ya pili nilikuwa mimi siku moja. Tangu hapo, kwenye taa nyekundu nasimama kabisa, naangalia kila upande, ndipo napita.

Bandeji
Hapo nakuvulia kofia, kaka.

Mama wa Machela
Mimi nilikataa kupanda. Nikashuka nikamwambia msimamizi, nibadilishie dereva.

Zamu ya Usiku
Dada, ukishuka mgonjwa anabaki na nani? Usishuke. Kaa, funga mkanda, kesho yake andika ripoti.

Mama wa Machela
Na nikifa leo, kesho nani ataiandika?

Bandeji
Kanula, kile kibomba cha mshipani, wekeni kabla gari halijaondoka. Dakika mbili za kusimama mlangoni mwa mgonjwa ni bora kuliko kumchoma mara nne njiani. Na muwe na neno moja mlilokubaliana mapema. Sisi "taratibu" maana yake punguza, "egesha" maana yake pembeni sasa hivi. "Simama" tuliliacha, linachanganya, kama alivyoeleza Kanula ya Kijani.

Gurudumu
Kwetu tulimlaza dereva mwenyewe kwenye machela, tukamfunga mikanda, mwingine akamwendesha kama yeye anavyoendesha. Aliomba ashushwe kabla hatujamaliza mzunguko wa pili. Akabadilika kweli.

Zamu ya Usiku
Kanula ya Kijani, yule dereva wa siku ya lori lile yuko wapi sasa?

Kanula ya Kijani
Wa ambulensi? Bado tuko naye. Hakuna aliyeandika kitu. Hata mimi sikuandika.

Mhudumu wa Nyuma
Nimerudi. Nimemfuata dereva wangu mchana huu akiwa peke yake anaosha gari. Sikumlaumu, nimemsimulia tu swali la mzee kama alivyoliuliza. Ameacha kuosha, amekaa kimya muda mrefu, kisha ameniuliza mzee anaendeleaje. Nimemwambia yuko wodini, anapumua vizuri zaidi. Nimemweleza habari ya machela ya Gurudumu, hajakataa wala hajakubali. Ripoti nimeiandika pia, na nimemwonyesha kabla sijaipeleka. Kesho usiku tuna zamu pamoja. Sasa naenda kupigwa eksirei ya kiwiko, kimevimba.