Bondeni kwangu ni pakavu kiangazi chote, inakuwaje naambiwa ni ardhioevu?

Mkulima Mgeni
Habari wakuu. Nina shamba la ekari sita, nililinunua mwaka juzi. Upande wa chini kuna kibonde ambacho kiangazi unakatiza na ndala na hushiki hata tope. Nikaita kijiko kije kusawazisha nipate pa kuweka banda la ng'ombe. Kabla hakijawashwa akatokea ofisa mazingira, akazunguka, akang'oa jani, akalibiringisha vidoleni, akasema: hapa pasiguswe, ni ardhioevu, na eneo lake la kinga, yaani ukanda wa kandokando usioruhusiwa kujengwa, linapanda hadi karibu na nyumba.

Jani moja tu! Nikamuuliza maji yako wapi, akajibu "yatakuja". Nikamwonyesha hati, akaisoma vizuri tu, akanirudishia. Kijiko kikarudi kilikotoka, dereva anacheka. Hivi mtu anaweza kunizuia kwenye ardhi yangu kwa ajili ya maji ambayo hayapo?

Chepe na Buti
Pole mkuu, ila huyo wa jani anajua kazi yake. Alikuwa anapapasa kama shina lina pembe tatu. Likiwa nazo, kuna uwezekano mkubwa ni jamii ya mafunjo, na wengi wa ukoo huo wanapenda mizizi ikae majini. Wengi, si wote: ndago ni ndugu yao na inasumbua hata mashamba makavu. Kwa hiyo jani peke yake halitoshi, udongo ndio unaosema.

Na mimi nilibisha hivyohivyo, mpaka nikashika chepe. Nilichimba mashimo saba kwa mstari, kuanzia chini kupanda juu, kila moja kina cha goti. La kwanza lilitoa udongo wa kijivu, una madoa ya kutu kandokando ya mizizi. Udongo ukijaa maji muda mrefu unakosa hewa, chuma kilichomo kinapoteza wekundu wake. Hewa ikipenya kwenye vinjia vya mizizi, kinashika kutu palepale. Shimo la pili lilinuka yai viza. La tatu na la nne bado kijivu. La tano ndiyo kahawia tupu hadi chini. Ukingo ulikuwa hapo kati ya la nne na la tano, hatua ishirini na kitu juu ya pale nilipokuwa nasimama kugombana na watu. Na msingi wa choo nilikuwa nimeshamwaga. Niliuvunja mwenyewe, kwa nyundo.

Eneo la kinga linapimwa kuanzia ukingo huo kwenda juu, siyo kuanzia maji unayoyaona leo.

Mzee wa Bikoni
Hati inasema ardhi ni ya nani. Utafanya nini juu yake ni sheria nyingine, na upana wa kinga unatofautiana sana. Kwa mfano wa mito: Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Kenya, kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaja mita 6 hadi 30 kila upande, kwa kufuata kiwango cha juu cha mafuriko yaliyorekodiwa. Jimbo la Washington, Marekani, sheria ya 1990 imeziachia kaunti na miji ziandike kanuni zao wenyewe, na ardhioevu zimo.

Kwa hiyo usibishane kwa maneno. Omba huyo ofisa akuandikie kifungu, mita ngapi, na zimepimwa kuanzia wapi. Ukiona ukingo kauweka juu mno, tafuta mtaalamu apime upya mbele yenu wote.

Nyasi Ndefu
Halafu banda la ng'ombe, mkuu! Samadi na mkojo mvua ikinyesha vinateremkia wapi? Yale majani unayotaka kuyafyeka ndiyo yanayovichuja.

Mkulima Mgeni
Nimechimba. Matano tu, mgongo ukagoma. La tatu limenuka mpaka mke wangu akauliza kutoka barazani nimefukua nini. Ukingo nimeupata chini kidogo ya alipopaonyesha ofisa, kama hatua nane, na nimepigilia kigingi kila shimo. Hizo nane nitazidai. Banda linahamia juu kando ya barabara, ingawa maji ya kunyweshea nitayabeba.

Swali moja: majani ya pale nikiyakata kwa mundu nikalishia, nayo ni kosa?

Mzee wa Bikoni
Sehemu nyingi kukata kwa mkono hakuna shida, kesi ni kuchimba mtaro au kujaza kifusi. Lipeleke swali pamoja na hatua zako nane, na hilo nalo akujibu kwa maandishi.