Uwanja mpya wa michezo: kando ya bustani ya burudani Nyali, au Miritini?

Mwana wa Kibokoni
Assalaam alaykum. Kamati ya vilabu vya mtaa wetu imetakiwa kuandika maoni kuhusu mahali pa kujenga uwanja mpya wa michezo hapa Mombasa, nami ndiye niliyekabidhiwa kalamu. Viwanja vilivyopendekezwa ni viwili: kimoja kiko Nyali, kimepakana na bustani ya burudani yenye mabembea na vidimbwi vya kuogelea, cha pili kiko Miritini, si mbali na kituo cha reli ya SGR. Mimi naelemea Nyali, kwa kuwa familia zimekwisha kuizoea njia ya huko, na mzazi ataweza kuwaacha watoto wakicheza huku yeye akitazama mpira. Mwaonaje? Barua inatakiwa Ijumaa.

Fundi Mchundo
Ndugu yangu, umetuuliza bei ya samaki bila kutuonyesha samaki. Uwanja ni wa watu wangapi? Ekari ni ngapi, na hati iko kwa nani? Sehemu ya kuchezea peke yake ni mita 105 kwa 68, na hapo hujaweka majukwaa, vyoo, wala njia ya gari la zimamoto. Tena kiwanja kimelala upande gani? Magoli hutakiwa yawe kaskazini na kusini, maana mechi zetu ni za alasiri, na yakiwa mashariki na magharibi, mlinda lango mmoja atacheza kipindi kizima akiwa amejikinga jua kwa kiganja.

Mwana wa Kibokoni
Niwie radhi. Ni watu kama elfu kumi na tano. Ekari sijaambiwa, nilichoonyeshwa ni ramani iliyochorwa kwa mkono, na kipande cha Nyali ni kirefu, chembamba, kinaelekea baharini.

Fundi Mchundo
Kinaelekea baharini, yaani mashariki. Basi umekwisha kujijibu.

Mama Sudi
Mwanangu, mimi nitasema nililoliona kwa macho. Miaka michache iliyopita, siku ya Idi Pili, nilimpeleka mjukuu wangu kwenye bustani moja ambayo sitaitaja, nisijue kwamba uwanja wa jirani ulikuwa na fainali ya vijana alasiri hiyo. Tulitoka magharibi ikikaribia, mtoto amelowa chepechepe na kanga yangu iko mabegani mwake, na wakati huo huo mpira ukaisha, umati wote ukamwagika kwenye njia ile ile moja ya kuingilia bustanini. Tuktuk iliyopatikana ilitaka mara tatu ya nauli, na hata hiyo haikuwa na pa kupita. Nilimshika mtoto kifundo cha mkono hadi vidole vyangu vikamwachia alama. Ndara yake moja ikakanyagwa ikabaki nyuma, akaililia kuliko alivyolilia kusukumwa. Nilipombeba kufika barabara kuu, nikaona gari la wagonjwa linapiga king'ora, haliendi mbele wala nyuma, na watu wanaligonga ubavu kwa kucheza ngoma za ushindi. Hao watoto unaosema utawaacha wakicheza, utawaacha na nani?

Mpenzi wa Bandari
Shikamoo Mama Sudi, pole sana. Lakini kosa hapo lilikuwa la ratiba na la lango moja, halikuwa la ujirani. Kule Anaheim, California, bustani ya burudani ya Disneyland ilifunguliwa 1955, na uwanja wa besiboli wa Angels ukafunguliwa 1966 katika mji huo huo, na vyote viwili vipo hadi leo.

Fundi Mchundo
Vipo kilomita kadhaa mbalimbali, si ukuta kwa ukuta, na uwanja ule umezungukwa na maegesho makubwa ya magari. Sisi tunaotoka kisiwani tunalitegemea Daraja la Nyali, lililofunguliwa 1980, na wa Likoni atavuka feri kwanza. Miritini mashabiki wa Nairobi watashuka garini moshi. SGR imekuwa ikifika hapo tangu 2017.

Mpenzi wa Bandari
Mashabiki wa Nairobi watashuka, na sisi wenyeji tutakaa nyuma ya malori ya makontena yanayotoka bandarini. Umewahi kwenda Miritini saa kumi na moja jioni, bwana?

Mlinda Lango Mstaafu
Mnabishania harusi ya pili na ya kwanza haijaliwa pilau. Uwanja wa Manispaa ulifungwa ili ukarabatiwe, kazi ikakwama kwa miaka, na vijana wakabaki kugombania vumbi la kiwanja cha Tononoka. Mwandishi aandike kwanza kwamba ule ukamilishwe.

Mwana wa Kibokoni
Mzee wangu, nakubali, lakini swali nililopewa ni la viwanja viwili tu.

Mlinda Lango Mstaafu
Nani amekukataza kuandika ambalo hukuulizwa? Na jambo jingine, ardhi ya Nyali ni mwamba wa matumbawe: msingi utashika vizuri, lakini nyasi zitataka udongo wa kuletwa na maji matamu kila siku. Visima vya karibu na bahari hutoa maji ya chumvi, na maji ya mfereji yanatoka mbali, Baricho. Wapandiwe paspalamu, nyasi inayovumilia chumvi, au watapaka rangi ya kijani juu ya mchanga.

Mama Sudi
Nyasi zitaota. Mimi nataka kujua malango ni mangapi, na njia ya gari la wagonjwa inapita wapi.

Mwana wa Kibokoni
Hilo nalo halimo katika ramani. Kesho asubuhi nitakwenda Nyali na futi kamba, nipime upana, nihesabu na njia.

Fundi Mchundo
Nenda alasiri, usimame utakapokuwa mstari wa goli la upande wa bahari, kisha utuambie kama umeona kitu.